Chumvi Niliyowaletea

Chanika, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, magoti hayakusumbui na baridi ya huko haijakubana kifua. Mimi sijambo. Joto ndilo linalonitesa, na hilo nimeshalizoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye kelele. Mahindi yamebeba? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Najua anayekusomea ni Tumaini. Mdogo wangu, soma polepole, na ukifika katikati usiruke maneno ili umfurahishe mama. Nakujua.

Ile kazi niliyokueleza bado ninayo, mama. Natembea na watafiti wa rovu na magonjwa mengine ya tezi ya shingo. Wao ni madaktari, mimi ni mbeba sanduku na mwandika majibu. Wiki moja tuko Kimara, nyingine tuko huku Chanika, tunapita nyumba hadi nyumba tukiomba kijiko cha chumvi ya jikoni. Tunaidondoshea dawa: ikigeuka zambarau ina madini joto, ikibaki nyeupe haina. Watoto tunawapapasa shingo, kisha tunawapa vikopo vya mkojo, na hapo ndipo vicheko vinapoanza. Kiongozi wetu ni Daktari Rehema, mwanamke mfupi mwenye maneno makali na moyo laini. Mimi ananiita Mkinga, kwa kabila langu, kana kwamba mama yangu hakunipa jina.

Mwezi uliopita tuliingia kwa Bi Somoe, mama wa Lindi anayeuza maandazi nyumbani kwake. Chumvi yake ilikuwa ya mawe, kwenye chungu. Daktari akadondosha dawa, ikabaki nyeupe pe.

"Mie chumvi naijua kwa ulimi," Bi Somoe akasema. "Nyie mnaitakia rangi, mnaenda kutia kwenye kanga?"

Tukacheka. Daktari akamuuliza anainunua wapi.

"Kwa yule baba wa magunia pale stendi. Inatoka mashamba ya chumvi moja kwa moja, haijapita kiwandani. Sie wote huku twanunua kwake."

Mimi nikaacha kucheka. Yule baba namjua, mama. Ndiye anayeniuzia gunia ninalowaletea kila Krismasi.

Siku hiyo niliomba kichupa kimoja cha dawa, nikaenda nacho chumbani kwangu. Gunia la mwaka huu lilikuwa limeshanunuliwa, limeegemea ukuta. Nikadondosha juu yake: nyeupe. Nikachimba mpaka chini: nyeupe. Nikajiambia dawa imeharibika, nikaenda dukani nikanunua pakiti ndogo, nikadondosha. Zambarau papo hapo. Nilikaa kitandani na kijiko mkononi, sikujua niende wapi.

Kabla sijaanza kuwaletea magunia, mama, mlikuwa mnanunua chumvi ya pakiti. Ni mimi niliyeidharau. Nilisema ni vumbi, haikolei, sisi tunaokaa Pwani ndio tunaijua chumvi ya kweli. Nawe kwa kujivunia mwanao ukawa unaigawa kwa kopo, kila mwenye kujifungua, kila mkwe, mpaka ikaitwa chumvi ya Ezekia. Hii ni miaka sita sasa.

Nilimweleza Daktari. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Hapa mjini watu wanakula samaki wa baharini, angalau wanaokoteza madini joto kidogo," akasema. "Kwenu milimani mvua imeyaosha madini hayo kwenye udongo, mtu anategemea pakiti tu. Mama yako ana rovu?"

"Analo."

"Na mjamzito je, yupo hapo nyumbani?"

Nikamtajia Tumaini.

Tumaini, unakumbuka nilikupigia simu nikakwambia ubadilishe chumvi. Ulicheka: "Kaka, ya kwako bado debe zima, ninunue nyingine ya nini?" Nikaona aibu kusema sababu, nikageukia habari za mvua. Kuwaletea ile chumvi nilikosea bila kujua. Siku ile kwenye simu nilikosea nikijua, na ndiyo inayoniuma zaidi.

Basi sasa nasema. Pakiti nilizotuma na barua hii, anza nazo leo hii kwenye chakula cha jioni. Mtoto tumboni anayahitaji madini joto ili akili yake ikue vizuri. Chumvi uiweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Kesho nenda kliniki, usingoje tarehe yako, umweleze nesi habari yote kama nilivyoiandika, wala usimeze dawa ya kuambiwa na watu. Ile ya gunia usiwape hata ng'ombe. Kaushieni nayo ngozi.

Nawe mama, shingo yako. Daktari anasema rovu lako halikuanzia kwenye gunia langu, ulikuwa nalo kabla sijazaliwa. Lakini chumvi nzuri peke yake haitaliondoa, kwa hiyo usizidishe kijiko ukidhani ni dawa. Inabidi ushikwe shingo na upimwe damu. Ukishavuna, njoo. Nitakupokea stendi mwenyewe. Ukitaka kujifunga kile kitenge chako cha kufichia shingo, hata na joto la huku, jifunge, mimi nitakupepea.

Jambo moja nakuomba. Usinitetee kwa majirani. Nakusikia kabisa: "Chumvi ni chumvi, mwanangu hakujua." Usiseme hivyo. Wapitie wote uliowagawia, useme Ezekia amekosea na amekiri mwenyewe. Wakinicheka, waache. Wakikasirika, wana haki.

Nisalimie mama mkubwa, aliyenibeba mgongoni wewe ulipokuwa shambani. Msalimie shemeji yangu, mume wa Tumaini, akirudi kutoka kwenye kazi ya mbao, na mchungaji, umwambie aniombee. Na huyo aliye tumboni, Tumaini, ukimaliza kusoma weka mkono juu yake, umwambie mjomba wake anamsalimu. Umwambie pia nimemwomba radhi, kabla hajajua kusamehe wala kukataa.

Ni mimi mwanao,
Ezekia