Nilikiachia Kichwa cha Kipa

Jumatatu, alasiri. Bariadi. Upepo tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye chai.

Mkono wa kulia umevimba, kwa hiyo naandika kwa kidole kimoja cha kushoto. Sikio bado linavuma. Mgongoni nina mistari mitatu ya fimbo ambayo mama aliikanda jana kwa maji ya moto huku akilia, na mimi nikimgombeza kwamba siku mbili za kwanza jeraha la namna hii hukandwa kwa barafu. Ndivyo nilivyo. Napigwa, halafu nafundisha.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: naitwa Limi. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), matokeo yametoka na yanatosha. Dirisha la kuomba vyuo linafungwa kesho jioni. Baba anataka nijaze Utabibu, kwa sababu kila kata ina zahanati na kila zahanati inataka tabibu. Mimi nataka Fiziotherapia, ile tiba ya viungo, halafu nikijaliwa, shahada ya sayansi ya michezo. Ninachokitaka hasa ni kuwa yule mtu anayekaa kando ya uwanja na kufika wa kwanza mchezaji anapoanguka. Kazi hiyo sijaiona kwa jina lake kwenye orodha ya chuo chochote, kwa hiyo nimepanga kuifikia kwa kuzunguka. Tangu nimalize mtihani nimekuwa mtu wa huduma ya kwanza wa timu ya mtaa wetu. Nina semina ya siku tano, begi moja, na mdomo mrefu.

Mpaka juzi Jumamosi niliamini kazi hiyo naiweza.

Fainali ilichezwa kijijini, upande wa Ngulyati. Zawadi ilikuwa dume la ng'ombe, limefungwa kwenye mkwaju pembeni ya uwanja ili wachezaji walione na wapate wazimu. Wenyeji walikuwa wamelinda magoli tangu Ijumaa, kwa zamu, mtu asije akafukia dawa ya uchawi. Kila mtu huku anajua kwamba magoli hulindwa. Mimi pia najua, nimezaliwa huku, na ndiyo maana ujinga wangu hauna utetezi.

Kocha wetu, Mwalimu Maduhu, hakutaka wapinzani wajue nani ana kifundo kibovu. Akaniambia niwafunge wachezaji plasta nyuma ya ukuta wa kanisa. Nikapiga magoti pale, nawazungushia miguu mmoja mmoja, na wao wamenyamaza kama wako kwenye ibada. Walinzi wa goli walituona. Kipindi cha pili kilipoanza, barafu ilikuwa imeyeyuka kwenye ndoo yangu, nikamwaga maji. Niliyamwaga nyuma ya goli la wenyeji, kwa sababu tu ndipo nilipokuwa nimesimama. Hazikupita dakika tano tukawafunga bao kwenye goli hilohilo.

Mzee mmoja alininyooshea kidole. Nikadhani ananitania, nikampungia mkono.

Zilibaki kama dakika kumi tulipopata kona. Kipa wao, Jilala, kijana mrefu mwenye mikono mizuri kuliko kipa yeyote wa mtaani kwetu, alipaa akaudaka mpira, na goti la mshambuliaji wetu likamkuta shavuni akiwa bado hewani. Alishuka kwa kichwa. Nilikuwa nyuma ya nyavu, na sauti ile niliisikia vizuri kuliko ninavyotaka.

Huku kwetu mtu akianguka hivyo hukalishwa, humwagiwa maji kichwani, husimamishwa na kuambiwa atembee. Wanaume wanne walikuwa wameshamshika mabega. Niliingia katikati yao kwa viwiko, napiga kelele wasimguse, nikapiga magoti kichwani pake na kukishika kichwa kwa mikono yote miwili, viganja masikioni, vidole nyuma ya shingo, kama tulivyofundishwa. Alikuwa macho. Nikamwambia, "Usijitikise kaka. Nimekushika, sikuachii." Akafumba macho, akafumbua.

Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu.

Kisha nikasikia nyuma yangu: "Nogi huyo! Mchawi huyo! Kamwaga dawa golini, sasa anakuja kummalizia!"

Fimbo ya kwanza ilitua katikati ya mgongo. Ni fimbo ya kuchungia, ile ambayo hata ng'ombe akiiona hugeuka. Pumzi ilinitoka yote. Ya pili ilipita juu ya ya kwanza, ya tatu chini yake. Nikainama zaidi juu ya uso wa yule kijana ili nisitikisike, na nikakishika kichwa. Wachezaji wetu walikuja mbio kunitetea, na wa kwao wakaja mbio kuwazuia, na baada ya hapo hapakuwa na mpira tena. Beki wetu alipigwa jiwe la mdomo, akatema jino, akamrukia aliyemrushia akamng'ata sikio. Mshika kibendera alichapwa kwa kibendera chake mwenyewe. Niliona kiatu chenye njumu kikishuka kwenye tumbo la mtu, mara moja, mara mbili, mara tatu, na sikujua ni cha timu gani. Mtu alinipiga kofi la sikio hadi nikasikia filimbi ambayo haikuwa ya refa.

Nikakishika kichwa.

Halafu mwanamume mmoja mwenye shati la njano akanikamata nywele akanivuta, na kwa mguu akakanyaga mkono wangu wa kulia pale chini, akausaga. Hapo ndipo nilipoachia.

Ningeweza kuandika kwamba nilivutwa. Ningeweza kuandika kwamba mkono ulikufa ganzi. Vyote ni kweli kidogo. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa mzima, na niliutoa kwa hiari yangu, nikauingiza kwenye begi na kuchomoa chupa ya maji yaliyoganda, lita moja na nusu, niliyokuwa nimeizungushia taulo, bado jiwe kabisa. Nikampiga nayo mdomoni. Alikaa chini kwa mshangao, damu inamtoka. Angeishia hapo, na mimi ningerudi kwa mgonjwa wangu. Sikurudi. Nikampiga tena, utosini. Nilijisikia vizuri. Naandika hivi kwa sababu blogu hii niliifungua ili nisijidanganye: kwa muda ule, ningekuwa na chupa kumi, ningezitumia zote.

Nilipogeuka, Jilala alikuwa ameshabebwa. Wawili mikononi, wawili miguuni. Kichwa kilikuwa kimening'inia nyuma, kinayumba kwa kila hatua yao. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Wakampakia kwenye bodaboda, dereva mbele, mtu mwingine nyuma, yeye katikati amebanwa kama gunia la pamba, na pikipiki ikaondoka kwenye matuta ya shamba.

Vita yenyewe haikuisha kwa busara ya mtu. Dume lilikata kamba. Lilipita katikati ya uwanja, likamwangusha refa, likaingia kwenye shamba la pamba ambayo haijachumwa, na timu zote mbili na mashabiki wao, wale waliokuwa wanauana sekunde ile, wakalikimbilia pamoja wakipeana maelekezo: "Zunguka kule! Usilitishe!" Nilibaki na begi langu na mtu wa shati la njano anayetafuta meno yake kwenye vumbi.

Nyumbani baba aliponiona alichukua panga. Ilibidi mama na majirani wawili wamshike mlangoni. Alipopoa alikaa, akaliweka panga miguuni pake, akaniambia, "Limi, umeuona mchezo wako? Jaza Utabibu. Tabibu mgonjwa anamfuata ndani, mlango una komeo." Alikuwa anatetemeka, na sijawahi kumwona baba akitetemeka.

Leo asubuhi nimekwenda hospitali. Nilijifunga kitenge kichwani ili kuficha sikio, na kama nitasema kweli, ili nisitambulike. Jilala yuko wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, kola ngumu shingoni. Mikono inacheza. Miguu haichezi. Daktari ameshawaambia ndugu kwamba mfupa mmoja wa shingo umesogea na kesho saa mbili asubuhi gari linampeleka Mwanza. Nilimuuliza nesi ulisogea lini: alipoanguka, au alipobebwa, au kwenye bodaboda. Akanitazama kama mtu aliyechoka. Akasema picha inaonyesha mfupa ulipo, haionyeshi saa.

Saa naijua mimi. Au siijui. Hilo ndilo linalonila.

Mama yake alikuwa kwenye kigoda kando ya kitanda. Mtu alimwambia mimi ni nani, akainuka akanishika mikono yote miwili, pamoja na huu uliovimba, na mimi nikavumilia. "Wabeja, ng'wanone," alisema. "Asante mwanangu. Nimeambiwa wote walikimbilia kupigana, wewe peke yako hukumwachia mtoto wangu. Wamekupiga na hukumwachia."

Nikamjibu kama ninavyomjibu mama yangu, "Ndiyo, mayu."

Maneno mawili tu, na yalitoka kirahisi kweli. Jilala alikuwa ananitazama kutoka kwenye ile kola, macho yaleyale ya pale chini. Mama yake akachukua chupa ya chai akaenda kutafuta maji ya moto ya uji. Tukabaki wawili.

"Dada," akasema, "uliniachia."

"Nilikuachia."

"Ulikuwa unampiga baba mdogo. Yule wa shati la njano ni baba mdogo. Alidhani unaniua." Akavuta pumzi. "Ulimpiga mara tatu. Nilikuwa nahesabu, nikisema akimaliza atarudi kunishika."

Mara tatu. Mimi kichwani mwangu zilikuwa mbili, na hata hapa juu nimeandika mbili. Sitafuta, ibaki hivyohivyo ionekane.

Nilimwomba msamaha. Sijui nilisema nini hasa, nilikuwa nalia na pua inatiririka. Hakunitukana. Heri angenitukana. Alitazama dari akasema, "Mimi nisiombwe sasa hivi, sina nafasi. Mwambie mama. Anakutangaza wodi nzima."

Mama yake akarudi na chupa yake, anatabasamu, ananiuliza kama nitakunywa uji. Nikasema hapana, asante. Nikatoka. Nilikimbia mpaka getini, mimi niliyezoea kuwacheka wanaokimbia.

Kutoka pale nilipitia duka la stationari kujaza maombi, maana niliona nisipojaza leo sitajaza. Kijana wa kompyuta akanifungulia ukurasa. Utabibu. Uuguzi. Maabara. Fiziotherapia. Nimeangalia neno hilo la mwisho mpaka foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Nina sifa zote zilizoandikwa pale: Kemia ninayo, Baiolojia ninayo. Hakuna mahali wanapouliza kama mwombaji akikanyagwa mkono ataachia. Nimeondoka bila kujaza. Kijana wa kompyuta akaniita, "Dada, vipi, mtandao?" Nikamwambia ndiyo, mtandao.

Uongo wa pili kwa siku moja, na ilikuwa haijafika saa sita mchana.

Nimekaa na jambo hili mchana wote. Nimejitetea kwa kila namna. Msichana mmoja katikati ya watu mia wenye fimbo angefanya nini? Hata ningeendelea kumshika, wangenibandua tu. Hata mabingwa wangekimbia. Yote hayo naweza kuyasema na mtu akanielewa. Ila Jilala hakuniuliza kwa nini nilipigwa. Aliniambia kwamba alikuwa anahesabu, ananisubiri.

Na nikifikiria zaidi, hasira yangu ile haikuanza Jumamosi. Huwa napiga. Nilimpiga kaka yangu kwa mwiko akazimia kidogo, tukacheka miaka yote. Nilimpiga msichana wa bweni letu kwa ndoo. Watu huniita jasiri, na mimi huwa napokea jina hilo. Mtu wa kando ya uwanja hatakiwi kuwa jasiri wa namna hiyo. Anatakiwa apigwe na abaki amepiga magoti. Sijui kama hilo linafundishwa mwaka wa kwanza au wa pili, au kama linafundishika.

Baba amerudi sasa hivi kutoka shambani. Ameniuliza kama nimejaza. Nimemwambia bado, na hiyo angalau ni kweli. Amesimama kidogo mlangoni, akasema nikitaka kujaza ile ya viungo nijaze, yeye hatashika panga tena, lakini asije akaitwa kunichukua nikiwa maiti. Ningefurahi wiki iliyopita. Leo nimekaa tu.

Kwa hiyo nimeamua, na naliandika hapa mbele ya watu ili nisipate pa kujificha. Gari la Mwanza linaondoka saa mbili. Saa moja nitakuwa wodini, bila kitenge kichwani. Nitamwambia mama yake Jilala kwamba nilimwachia, na nilimpiga shemeji yake mara tatu wakati mwanawe ananisubiri. Akinipiga, nitabaki nimesimama, mikono chini. Nikiweza hilo, nitakwenda kujaza Fiziotherapia, namba moja, kabla dirisha halijafungwa. Nikishindwa, nisiguse kozi yoyote ambayo ndani yake kuna mtu amelala chini ananitazama.

Natamani kungekuwa kumeshakucha, na natamani kusikuche.