Punje Kumi na Nne na Maharage Saba

Jumatatu, 3 Machi
Dirisha la dawa, foleni mpaka nje. Nimejifungia chumba cha pembeni na Mzee Tluway wa Endasak. Alishapasuliwa utumbo. Sasa ni vidonge vya saratani, anavimeza nyumbani kuanzia kesho: siku kumi na nne, asubuhi na jioni akishakula, halafu anapumzika siku saba. Akipitiliza, dawa itamdhuru vibaya. Akikatiza ovyo, ugonjwa unaweza kurudi.

Kalenda hataki. Iliyoko ukutani kwake ni ya mwaka juzi, lakini ina picha nzuri ya ng'ombe.

Nikapata wazo. Punje kumi na nne za mahindi na maharage saba kwenye kikombe. Kila jioni ahamishie moja kikombe cha pili. Mahindi ni dawa, maharage ni kupumzika. Akaelewa papo hapo. Nimejiona profesa.

Jumatano, 5 Machi
Nimeeleza mbinu yangu kwenye kikao cha asubuhi. Makofi. Bosi anataka niiandike, ibandikwe ukutani. Nimeanza na jina langu. Kubwa.

Jumatatu, 10 Machi
Mke wa Mzee Tluway kapiga simu. Nilikataza mtu yeyote kushika vidonge kwa mikono mitupu, nikampa mzee glavu za nyumbani. Anauliza kama anaweza kwenda nazo kanisani. Hapana, mama. Akauliza kama zinafulika. Nadhani ameshakwenda nazo.

Jumamosi, 15 Machi
Balaa. Agnes, mkwe wa mzee, kapiga simu. Kaniamkia shikamoo mara mbili. Mtu akikuamkia mara mbili, ujue kuna kitu kimeharibika.

Jumatano walifika wageni kutoka Tumati kumpa mzee pole. Agnes akabandika makande. Akaona vikombe viwili kwenye rafu, mahindi na maharage, akamimina vyote chunguni. Wageni waliokuja kumpa pole mgonjwa wamekula ratiba yake. Wakasifu mapishi.

Je, mzee anameza au hamezi? Agnes hajui. Mzee yuko machungani, simu kaiacha nyumbani. Nikamwambia Agnes ahesabu vidonge. Hawezi, nilikataza mwenyewe visishikwe bila glavu. Glavu ziko wapi? Mama amekwenda nazo harusini Endagikot.

Naogopa. Anaweza kuwa anameza tu bila kujua mwisho. Wazo ni langu.

Jumapili, 16 Machi
Bodaboda mpaka Endasak. Tope. Tumeanguka mara mbili, nimefika nimefanana na tofali bichi. Shikamoo, mzee. "Marahaba binti. Kwani umetembea kwa tumbo?"

Nimehesabu vidonge mara tatu. Vimezidi vya siku moja na nusu. Hakupitiliza. Nikakaa juu ya kinu.

Kumbe alikaa akafikiri. Mahindi ni dawa, maharage ni kupumzika. "Sasa vimepikwa chungu kimoja. Si ina maana nichanganye?" Basi anameza siku moja, inayofuata anapumzika. Ijumaa hakumeza. Leo asubuhi hakumeza. Kwa elimu niliyompa mimi, mzee yuko sahihi.

Nimempigia daktari. Vilivyokosekana havifidiwi. Ameze leo jioni na kesho, Jumanne aanze kupumzika, Jumatatu ijayo aje apimwe damu. Nikampa maharage saba mengine, kwenye kopo lenye mfuniko, mbele ya Agnes. Agnes alikuwa analia. Mimi pia nilikaribia.

Wakanipa makande. Matamu mno. Inaniuma kukiri.

Jumanne, 18 Machi
Nimeibandua ile karatasi ukutani. Nimeandika nyingine: kopo lifunikwe, mpishi ajulishwe. Jina langu chini kabisa, dogo.

Jumatatu, 24 Machi
Mzee Tluway kaja na basi la asubuhi. Damu yake iko vizuri. Kesho ataanza mzunguko mwingine.

Akafungua kitambaa, akamwaga maharage mezani kwangu. Kitu cha kuazimwa kinarudishwa, ndivyo alivyosema. Nikahesabu. Sita. Nikahesabu tena. Sita.

Mzee akapapasa mfuko wa koti, akauachia. La saba ni la leo, akasema. Hajalihamisha, jua bado halijazama.