Kamba ya Bendera

Madurai,
27 Agosti

Kwako dada yangu mpenzi Irulayi,

Salamu nyingi zikufikie huko milimani kwenye mashamba ya chai. Hujambo? Shemeji Sudalai naye hajambo, na kile kikohozi chake cha baridi kimepungua? Mimi ni mzima wa mwili. Mama yupo, anakunywa uji wake wa ulezi na samaki mkavu pembeni, na bado anagombana na majirani kwa sauti ile ile, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungenitania, ungeniita "Mheshimiwa" kwa ile sauti yako ya puani, ningecheka, na habari yenyewe ingepita hivi hivi. Najua pia kwamba gazeti limekwisha kufika huko, na binti yako ameshakusomea maneno yaliyo chini ya picha: mbunge apandisha bendera kijijini kwao. Nakuomba, dada, usiwaonyeshe wenzako picha ile. Nina aibu nayo.

Unamfahamu Pechiammal, mkwe wa marehemu mzee Kaliyan aliyekuwa akipiga ngoma za mazishi pamoja na baba. Kiti cha mwenyekiti wa baraza la kijiji kilipotengwa kwa wanawake wa watu wetu wa tabaka la chini, wale wa tabaka la juu wa mtaa wa juu walimuunga mkono yeye wakidhani ni mpole, ataweka dole gumba popote watakapomwonyesha. Walijidanganya. Mwanamke yule alituletea maji ya bomba hadi mtaani kwetu kabla wao hawajamaliza kumcheka. Lakini mwaka jana, siku ya uhuru, alipofika kupandisha bendera kama inavyompasa mwenyekiti, alikuta kamba imeshavutwa na makamu wake, Rathinavel, yule mwenye kinu cha mpunga. Walimwambia eti saa yake iko nyuma.

Mwaka huu Rathinavel alinipigia simu mwenyewe. Maneno yake yalikuwa asali tupu. Alisema kijiji kinaona fahari kumzaa mbunge, na kwamba wameonelea bendera niivute mimi. Nikavimba kichwa, dada. Nilimkumbuka baba akivua ndala zake kwenye kona ya hekalu na kuzibeba mkononi mpaka aumalize mtaa wa juu, maana watu wetu hawakuruhusiwa kupita mle na viatu. Nilikumbuka siku ile mimi na vijana wenzangu tulipopita mle na viatu miguuni, mawe tuliyopigwa, na rumande nilikolala huku wewe ukiniletea chakula na kufokeana na polisi mlangoni. Nikajiambia, leo mtaa ule ule unaningoja kwa maua. Sikuuona mtego, nikanasa.

Nilipofika walinivika shada, wakanipigia makofi. Nilikatiza mtaa wa juu na viatu vyangu vya ngozi, na hakuna aliyenikodolea macho. Pechiammal alikuwa amesimama chini ya mlingoti, sari imepigwa pasi, nywele zimetiwa mafuta. Rathinavel akampita kana kwamba ni nguzo, akanikabidhi kamba mimi. Nikaivuta. Bendera ikafunguka, maua yaliyofungiwa ndani yake yakanimwagikia kichwani, nikatabasamu mbele ya kamera. Watoto wakagawiwa peremende. Nyuma yangu nilimsikia mtu wa mtaa wa juu akimnong'oneza mwenzake, "Umeona? Mwiba hutolewa kwa mwiba." Wakacheka wote wawili.

Jioni nilikwenda kwa Pechiammal. Nilimkuta jikoni akipuliza moto. Nilimwambia nimelaghaiwa kama mtoto mdogo. Hakuniangalia. Alisema, "Mwaka jana waliponinyang'anya wao nililia, lakini nilijua pa kwenda kulia. Nilisema, si tunaye Muniyasamy wetu mjini? Mwaka huu umeninyang'anya wewe, kaka. Haya niambie, sasa nikalie kwa nani?"

Nilimwomba radhi, akatikisa kichwa. "Usiniombe radhi jikoni, kaka. Huku anayekusikia ni moshi tu." Akaniambia kwamba aibu alitiwa mbele ya kijiji kizima, kwa hiyo na radhi nimwombe hapo hapo. Mwezi wa kumi kuna mkutano wa wanakijiji wote, mtaa wa juu na wetu. Nishike kipaza sauti, niseme nilichofanya. Na niseme yote, akasisitiza, nisimege.

Hapa kalamu imekuwa nzito, dada. Nimekuandikia hapo juu kwamba sikuuona mtego. Ni uongo. Nimeisoma tena sehemu ile, nikataka kuichana karatasi, kisha nikaona afadhali uuone uongo wangu jinsi ulivyo.

Ukweli ni huu. Siku chache kabla ya simu ya Rathinavel, Pechiammal alikuja ofisini kwangu kwa basi, amembeba mjukuu. Aliniomba nije siku ya uhuru nisimame tu kando yake. "Wala huna haja ya kusema kitu, kaka. Wakikuona wewe, nani atathubutu kuigusa kamba?" Nilimwahidi. Niliagiza chai, tukanywa, nikamwambia arudi nyumbani akalale usingizi. Ndipo Rathinavel akapiga simu, na zaidi ya ile asali hakunificha kitu. Alisema mtaa wa juu hautasimama chini ya bendera iliyovutwa na mwanamke yule, tena uchaguzi u karibu na kura zao ninazijua. Lakini nikivuta mimi, nani atalalamika? Si mimi na Pechiammal ni watu wa damu moja? Nami nikamuuliza sherehe inaanza saa ngapi.

Sikunaswa, dada. Niliingia kwa miguu yangu. Nimewapigania watu wetu tangu sijaota ndevu, nimesimama jukwaani nikiwaita wengine wasaliti, kumbe bei yangu mimi ilikuwa shada la maua na kura za watu waliomvua baba viatu. Najionea haya hata nikipita mbele ya kioo.

Mkutanoni nitakwenda. Kura zao zikiondoka, ziondoke. Mawe siyaogopi, nimeshayazoea. Ninachokiogopa ni ulimi wangu mwenyewe. Nilidhani kukuandikia wewe, uliyenilea, kutakuwa mazoezi mepesi kabla ya siku hiyo. Nimeketi peke yangu, hakuna kamera wala mpiga kura, ninayemwandikia ni dada yangu wa tumbo moja, na bado nimeanza kwa kukudanganya. Je, mbele ya wale itakuwaje? Msimamizi wa shamba akikupa ruhusa, njoo. Huna haja ya kusema kitu. Simama tu mahali nitakapokuona.

Msalimie sana shemeji, na mpapase watoto vichwa kwa niaba yangu. Mama anakusalimu. Yeye bado sijamwambia. Kila nikiingia ananisifu mbele ya majirani.

Ni mimi mdogo wako,
Muniyasamy