Bunduki ya Marehemu Sixten

Husby, Stockholm
11 Oktoba 2009

Dada yangu mpendwa Dorothée,

Nakusalimu kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta hapo Uvira ukiwa mzima, na kwamba goti lako halijaanza tena fitina zake sasa mvua zinaporudi. Shemeji Gervas naye, kifua chake kimepoa? Mkumbushe kwamba zile dawa nilizotuma zinamezwa kwa maji, si kwa chai, hata kama yeye ni bingwa wa chai.

Sisi huku tu wazima. Baridi imeshapiga hodi na majani yameanguka yote mbele ya ghorofa yetu. Jonathan ameota ndevu chache na anajiona mzee wa ukoo. Aurore nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi, nami naendelea na Kiswahili changu, na maisha yanasonga hivyo hivyo. Célestine bado anatunza wazee kule Kista na anakusalimu sana. Juu yake nitasema zaidi kabla sijaweka kalamu chini.

Nimeamua kuandika kwa sababu tangu Julai hupokei simu zangu. Mama Vénantie wa kanisani kwetu anasafiri kuja huko, naye amekubali kukukabidhi barua hii mkononi. Neno lako lilinifikia kupitia binamu yetu Papy: kwamba mtoto wa mtu aliyeuawa kwa bunduki sasa anapangusa bunduki kama anayepangusa mtoto mchanga, kwamba namlaza Célestine nyumba moja na kitu kilichomharibia usingizi, na kwamba nisikutafute mpaka kitu hicho kitoke mlangoni kwangu.

Sikukasirika, dada. Wewe ndiye uliyemfunika baba kwa kitenge chako siku ile, mimi nikiwa mbali. Wewe ndiye uliyempokea Célestine kambini Lugufu, msichana aliyebebeshwa masanduku ya risasi na wale watu wenye silaha mpaka mabega yakachubuka, ukamkanda kila asubuhi kwa mafuta ya mawese kabla mimi sijamjua hata jina. Una haki ya kuchukia kila bunduki iliyoko chini ya jua. Ila umenihukumu kwa ushahidi wa Papy, na Papy ukinunua baiskeli atasema umenunua lori. Nisikilize mimi mwenyewe, kisha uamue. Tangu mama atutoke, wewe ndiye mama. Kukukosa kunaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Unajua ninafanya kazi Sundbyberg, kwenye karakana ya kuchonga vipuri vya chuma. Nilipofika pale sikujua Kiswidi wala mashine zao. Mzee mmoja, Sixten, ndiye aliyenishika mkono. Hakuwa mtu wa maneno. Akiona nimekosea, anazima mashine, anafanya yeye polepole, kisha anarudi nyuma nifanye mimi. Saa ya kahawa wengine walikaa na wenzao, naye alibeba kikombe chake akaja kukaa na mimi, tukanyamaza pamoja. Alipostaafu tuliendelea kutembeleana. Majira ya baridi ya mwaka juzi alifariki, na nilimlilia kama mtu wa kwetu.

Baada ya mazishi mjane wake, Barbro, alinipigia simu. Akasema Sixten aliacha bunduki ya kale. Babu yake alikwenda Amerika kukata magogo, akarudi nayo, ina zaidi ya miaka mia moja. Ni bunduki ya wenzo: chini ya kifyatulio ina chuma chenye tundu la vidole, ukikisukuma chini ganda la risasi iliyopigwa linaruka nje, ukikivuta juu risasi nyingine inaingia. Lakini ilikuwa mbovu. Springi imevunjika, kitako kimepasuka na kufungwa waya wa shaba, kutu kila mahali. Watoto wao hawakuitaka. Na polisi wa huku wana utaratibu wao: bunduki ya marehemu ipate mnunuzi mwenye leseni, la sivyo wanaichukua kuiyeyusha. Barbro akasema Sixten alitamani kuitengeneza asiwahi, na kwamba kama kuna mtu wa kuifanyia kazi hiyo ni mimi.

Nitakuambia ukweli: sikutamani bunduki. Niliona kama wanataka kumzika yule mzee mara ya pili.

Nilipomweleza Célestine, aliweka mwiko chini, akazima jiko, akachukua koti. Akaenda kwa rafiki yake Maombi, Skärholmen, akakaa huko wiki nzima. Sikumwita kwa simu. Mke aliyeondoka kwa hasira hafuatwi kwa simu, hilo ulinifundisha wewe. Nilikwenda mwenyewe, nikakaa kwenye kochi la Maombi nikisemwa, mpaka nikakubali kwamba bunduki haiingii nyumbani kwetu. Tukarudi naye.

Nikataka kumpigia Barbro nimwambie basi. Célestine akanizuia. Akasema mjane haambiwi hapana kwa simu. Tunakwenda, tunakaa, tunakula naye, kisha tunamwambia. Akapika wali na kuku, akaufunga vizuri, tukapanda basi mpaka nyumbani kwake nje ya mji, kando ya ziwa. Barbro hakuzoea mtu kuja na sufuria. Aliangalia ule wali muda mrefu, kisha akatoa sahani zake nzuri. Tulikula, tukamzungumzia Sixten, Barbro akacheka na akalia. Baadaye akafungua kabati la chuma, akatuonyesha ile bunduki, ili angalau tujue tunachokikataa.

Nilidhani Célestine angetoka nje. Hakutoka. Aliuliza kama ina risasi. Barbro akamwonyesha kwamba haina. Akauliza kama anaweza kuishika. Akaishika, dada, akaigeuza, akaingiza vidole kwenye ule wenzo uliokuwa mgumu kwa kutu, akajaribu kuusukuma ukakataa. Akairudisha. Neno la kukataa tulilobeba kutoka Husby halikusemwa na yeyote. Tulipokuwa njiani kurudi aliniambia jambo moja, nami nitakuandikia jambo hilo mahali pake. Kwa sasa jua tu kwamba aliyesema inunuliwe ni yeye.

Huku hununui bunduki kama unavyonunua jembe. Lazima usome kozi ya uwindaji, ufanye mtihani wa kuandika na wa kulenga shabaha, kisha polisi wakuchunguze. Tulikwenda kwenye kozi pamoja, mimi na yeye, kila Jumanne. Watu walidhani ananisindikiza.

Mtihani wa kuandika nilianguka, na nikuambie nilivyoanguka ucheke kidogo. Waliuliza: umemjeruhi mnyama, amekimbilia shamba la jirani, utafanya nini? Nikajibu kama baba alivyotulea: mnyama wako unamfuata popote, kisha unampelekea mwenye shamba mguu mmoja. Kosa. Huku unasimama mpakani, unamtafuta jirani kwanza akupe ruhusa. Wakauliza tena: umekutana na älg jike na mtoto wake, yule mnyama wao mkubwa mwenye miguu mirefu, utapiga yupi kwanza? Nikaandika kwamba sipigi yeyote, mwenye mtoto haguswi. Wao wanasema unampiga mtoto kwanza, asije akabaki yatima. Nilirudia mtihani na mkono wangu ukaandika majibu yale yale, kwa sababu nilimwona baba amesimama mbele yangu. Mkufunzi alikuna kichwa, akasema majibu yangu si mabaya, ila si ya Sweden.

Utauliza basi bunduki iliingiaje kwangu. Subiri, nafika.

Kibali kilipotoka tulianza kuitengeneza. Bosi wangu aliniruhusu kutumia karakana Jumamosi. Tulitoka nayo Husby ikiwa ndani ya mkoba mrefu, tukabadilisha treni Västra skogen, tukashuka Sundbyberg. Célestine hakuniachia mkoba hata kidogo. Mama mmoja wa kanisani alitukuta kwenye treni akampongeza kwa kujifunza tarumbeta, naye akaitikia asante.

Nilipokuwa nikifanya kazi, Célestine alivuta kiti akakaa mbele yangu, akaniangalia kila kitu. Papy alipita siku moja kuniomba msaada wa gari lake, akamwona amekaa vile, kimya, macho kwenye bunduki. Hapo ndipo alipopata hadithi yake, kwamba nimemgeuza mke wangu kuwa mfungwa wa bunduki yangu.

Nilianza na kutu. Kwetu kitu kilichosafishwa sharti king'ae, kwa hiyo nilichukua msasa nikitaka mtutu uwake kama viatu vya Pasaka. Bahati nzuri kabla sijafika mbali tulimpelekea fundi bunduki atutazamie, naye alinikemea kama mtoto. Akasema chuma cha kale hakikwanguliwi. Unakipaka mafuta, unakisugua taratibu kwa sufu laini ya chuma, kutu inatoka na ile rangi ya uzee inabaki. Sehemu niliyoigusa kwa msasa inang'aa mpaka leo, kipande kama kucha, na Célestine hanisamehe. Springi niliichonga mwenyewe kwa tupa, nikaichoma, nikaizamisha kwenye mafuta, ikavunjika. Nikachonga nyingine, nayo ikapinda. Iliyofuata ikakaa. Kitako nilikifungua ule waya, nikakitia gundi na kijiti cha mbao kwa ndani, nikakibana kwenye jiliwa. Kisha mafuta ya kitani, kwa kiganja, kidogo kidogo, unapaka na unangoja, mpaka mbao inaacha kunywa. Kazi hiyo ya mafuta aliifanya Célestine.

Siku wenzo ulipokwenda chini na kurudi juu bila kukwama, nilimkumbuka Sixten, nikazima taa ya mashine nikakaa. Fundi bunduki aliikagua, akapima, akasema inafaa kupigwa.

Sasa dada, nifike pale ninapozunguka tangu mwanzo. Bunduki si yangu. Mimi nilianguka mtihani, na aliyeanguka hapewi leseni. Aliyefaulu ni Célestine, kuandika na kulenga, vyote mara ya kwanza. Leseni ina jina lake, na aliyeinunua kwa Barbro ni yeye. Alikaa karakanani kwa sababu sheria hainiruhusu kuishika kama mwenyewe hayupo. Funguo za kabati la chuma anazo yeye, na mimi baba wa nyumba sitakiwi hata kujua anaziweka wapi.

Aliniomba nisiseme. Aliogopa watu wa kanisani wangesema akili imemruka, na zaidi aliogopa wewe utasema nini. Nikakubali lawama ikae kwangu, mgongo wangu ni mpana. Lakini uliponyamaza alianza kukosa raha, na juzi ameniambia niandike kila kitu.

Alichoniambia tulipotoka kwa Barbro ni hiki, nakuandikia kama alivyokisema:

“Nilibeba risasi zao, Firmin, na sikujua hata zinaingia wapi. Nataka kujua. Nataka niifungue mimi na niifunge mimi, na ikinyamaza, iwe ni mimi niliyeinyamazisha.”

 Wewe ungemjibu nini?

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha. Alilala kifudifudi kama walivyomfundisha, akaweka kitako begani, bega lile lile ulilokuwa ukilikanda.  Akapiga risasi moja. Akasukuma wenzo, ganda likaanguka pembeni. Alikuwa ameweka ile moja tu. Akachungulia ndani, akaingiza kidole kuhakikisha ni tupu, akaiweka chini, akainuka. Akalia, nami nikalia. Halafu akaona njaa, akala soseji mbili na mkate pale pale uwanjani, akaniuliza mbona mimi sili.

Sisemi amepona. Mlango ukibamizwa bado anashtuka. Ila siku hizi akishtuka anaangalia ni nani aliyebamiza, halafu anamgombeza.

Ndiyo habari, dada. Mama Vénantie akishatujulisha kwamba umesoma, simu yako italia Jumapili baada ya ibada. Ukiona namba yetu usidhani ni mimi. Atakayekuwa anapiga ni Célestine. Amesema hivi: ukimwambia wewe kwamba aitoe nyumbani, ataitoa siku hiyo hiyo bila kubishana, kwa sababu duniani hakuna mwingine mwenye haki ya kumwambia hivyo. Nami nakubali lolote mtakaloamua. Ninachokuomba ni kimoja: usiikate simu. Hata kama ni kumgombeza, mgombeze, lakini apate sauti yako.

Nisalimie shemeji Gervas, watoto wote, na majirani wanaonikumbuka. Jonathan na Aurore wanakupigia magoti. Aurore amefanya hivyo kwa Kiswidi. Mungu akulinde na goti lako. Simu ikilia nitakuwa jikoni, nitaosha vyombo taratibu, na sitauliza mlichosema.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Firmin