Siku Niliyochagua Kikatio cha Siga

Mpumudde, Jinja

Dada yangu Nekesa,

Hujambo wewe, na watoto hawajambo? Mguu wa Mama umepungua uvimbe, au bado anauegemeza juu ya gunia mchana kutwa? Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, naendesha gari. Ukiniona utasema dereva mzima huyu.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Simu nimeishika mara nyingi. Lakini wewe ukipiga huwa unanyamaza kidogo kabla ya kusema, nami ukinyamaza hivyo nababaika na kudanganya. Basi nimeandika. Barua anakuletea Barasa, yule dereva wa lori la mahindi wa Chwele, ambaye amepanga chumba hapa Jinja cha kupumzikia akiwa njiani kurudi. Tafadhali usimsomee Mama kabla hujaimaliza mwenyewe.

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti. Unasema siku ya tatu baada ya kumzika Baba mlinyolewa nyote, wewe, baba mdogo, hata wajukuu, lakini Mama akakataa. Akasema nywele zake za msiba zitabaki kichwani mpaka mwanawe atakapoachiliwa na Mhindi. Unasema pia kila jioni akisali anamtaja huyo tajiri wangu, mzee Jayanti, na kumwombea mabaya. Hii ni wiki ya tano. Hilo ndilo lililonikalisha hapa mezani.

Dada, mzee hakuninyima ruhusa. Nilikudanganya, nawe ukawaambia watu mazishini uongo wangu ukidhani ni kweli.

Sikiliza ilivyokuwa. Mzee Jayanti unamjua kwa maneno yangu tu. Mkewe alifariki zamani, wanawe wako Ulaya, na nyumbani tumebaki yeye, mpishi na mimi. Starehe yake ni moja: kila Jumapili baada ya chakula cha mchana anakaa verandani na kuvuta siga, ile sigara nene ya majani ya tumbaku yaliyoviringishwa. Siga haivutwi hivi hivi. Upande unaotiwa mdomoni umefungwa, lazima uukate kwanza. Mzee alikuwa na kikatio cha wembe unaoshuka moja kwa moja, na mikono yake siku hizi inatetemeka. Akizidisha kidogo tu, siga inafumuka na tumbaku inamjaa mdomoni. Jumapili moja alijikata kidole. Tangu hapo akawa anataka kikatio cha V. Hicho hakiondoi kichwa chote, kinachonga mfereji mdogo tu, na chuma chenyewe kinaizuia siga isizame zaidi ya inavyotakiwa. Mwenye mkono wa kutetemeka anakitumia bila wasiwasi.

Simu yako kwamba Baba hatunaye ilinikuta naosha gari. Nilikata simu nikamaliza kuosha. Nilisugua hata rimu. Kisha nikaingia ndani kumwambia mzee. Alivua miwani.

"Wafula, wewe enda," akasema. "Baba ni moja tu. Peleka gari mpaka Mbale, acha kwa kijana ya dada yangu pale Nabuyonga, halafu panda gari ya kwenda kwa mpaka."

Nikamwuliza habari ya kikatio, maana duka linalouza vitu hivyo liko Mbale na tulikuwa tumepanga niende wiki ile ile.

"Hiyo wacha. Ama kama unapita tu, chagua moja ya nguvu, achia kijana. Lakini usichelewe kuzika baba sababu ya moshi yangu."

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza. Huyo ndiye Mama anayemlaani.

Ningeweza kuondoka siku hiyo hiyo. Nilijipa visababu, gari lina hiki, mzee ana kile, hadi ikafika asubuhi ya mazishi ndipo nikaondoka. Njiani nilijaribu kulia. Usicheke. Unajua kwetu mtoto wa kiume anavyofika kwenye matanga ya baba yake. Kilio kinaanzia barabarani, anaingia langoni akilia kwa sauti, anaizunguka nyumba akimwita marehemu, na watu wote wamesimama wanamsikiliza wapime uchungu wake. Karibu na Iganga nilifunga vioo nikaita "Baba!" kwa nguvu. Ilikuwa kama namwita mtu aliyesahau kofia yake. Nikajaribu tena baada ya Tirinyi. Hakuna. Moyo haukuuma hata kidogo, dada, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilimpenda Baba, wewe ni shahidi. Yeye ndiye aliyenipakata kwenye trekta nikiwa sijafikisha miaka saba akaniachia usukani. Nilizikumbuka siku hizo zote njiani, moja moja, na macho yalibaki makavu.

Nilifika Mbale saa nne asubuhi. Mwenye duka ni mama mmoja wanayemwita Hajati, anauza saa, viberiti vya gesi na visu vya mfukoni. Alitandika kitambaa akaniwekea vikatio vya V vitatu. Kazi ya dakika kumi.

Cha kwanza kilikuwa kinang'aa kuliko vyote. Hajati alinikubalia nikikwaruze kwa ufunguo upande wa ndani, ile rangi ya fedha ikabanduka, na chini yake madini laini ya kijivu. Cha pili kilikuwa chuma kweli, lakini ukikitikisa karibu na sikio unausikia wembe unachezacheza, na vipande vyake vimegongwa ribiti, misumari isiyofunguka, kwa hiyo kikilegea ndiyo basi. Cha tatu kilikuwa kizito, hakina madoido. Kimeshikwa na skrubu nne, fundi yeyote anaweza kukifungua akakisafisha. Springi yake inaurudisha wembe palepale. Tena wembe wa V si kisu, huwezi kuunoa kwa jiwe nyumbani, lazima uwe mgumu tangu ulipotoka kiwandani. Hajati alinipa siga moja iliyokauka nijaribie. Nikakata, mfereji ukatoka safi.

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Lakini nilikirudia cha kwanza. Nikakirudia cha pili. Nikaigeuza siga nikakata upande wa mkiani. Nikahesabu skrubu. Wateja waliingia wakatoka. Adhana ya adhuhuri ikalia, Hajati akaenda nyuma kuswali, akarudi akanikuta nimesimama palepale na cha tatu mkononi.

"Bwana, umeshinda hapa tangu asubuhi," akasema. "Hiki ndiyo kizuri, na wewe umeona. Unangojea nini?"

"Baba yangu anazikwa leo."

Nilisema vile vile ambavyo ningemwambia ni saa ngapi.

"Anazikwa wapi?"

"Ng'ambo ya mpaka wa Lwakhakha. Upande wa Sirisia."

"Si hapo tu!" Akakitoa kikatio mkononi mwangu taratibu. "Sasa unafanya nini kwa duka yangu?"

"Nachagua."

Hakunifokea. Alimwombea Baba kwa dini yake, akakifunga kikatio kwenye karatasi, akanisukumia. "Kimbia. Udongo bado utawahi kutupa."

Na ningewahi. Nilifika kwenye njia panda ya Lwakhakha nikasimamisha gari pembeni. Nikawaona nyote kwa mawazo, mmesimama pale langoni mnanisubiri nilie, na mimi nimeshuka garini na uso huu. Nikaogopa. Nikageuza gari kurudi Jinja. Sikupita hata Nabuyonga. Nikiwa njiani ndipo nilipokupigia nikasema Mhindi amekataa. Uongo ulitoka haraka kuliko salamu.

Nilikaa siku tatu chumbani kwa Barasa, gari nimelificha uani, ili mzee asiulize, ndipo nikaripoti kazini na gari na kikatio chake. Akanipa mkono, akaniuliza mazishi yalikuwaje. Nikamwambia watu walikuwa wengi.

Jana nimemwambia ukweli. Nilidhani atanifukuza, na nisingelalamika. Akaniuliza, "Mama bado iko?" Nikasema yupo. "Basi enda kwa yeye," akasema, akaingia chumbani kwake. Chakula cha mchana hakukigusa. Nafikiri nilimwumiza, na hata hilo nimelijua kwa akili tu.

Sasa nakuomba. Msomee Mama barua yote, usiruke mahali. Mwambie amtoe mzee Jayanti katika sala zake na aniweke mimi hapo nilipomweka yeye. Akitaka kunyolewa kabla sijafika, anyolewe. Akitaka kunisubiri, sawa. Akisema hataki kuniona, nitumie neno moja kwa simu, ila ujue nitakuja hata hivyo.

Nisalimie baba mdogo, aliyesimama mahali pangu kaburini; najua atanisema mbele ya watu, na ana haki. Nisalimie shangazi Rispa, yule ambaye hulia hata kwenye msiba wa jirani asiyemjua jina; mwambie safari hii nimekubali kuwa ananizidi. Watoto wako wape salamu za mjomba, na shemeji pia, ambaye nasikia alichimba karibu kaburi lote peke yake.

Nitafika Jumamosi, mchana kweupe. Nitaingia langoni kimya kwa sababu sina kitu kingine cha kuingia nacho. Watakuwepo majirani, na wataanza kunong'ona kabla sijafika mlangoni. Usinitetee, dada. Wakisema mtoto wa marehemu hakulia, waambie ni kweli, hakulia. Halafu waambie amekuja.

Mdogo wako,
Wafula