Plagi ya Nyuma

Andongwisye mwanangu,

Tumekwenda Tukuyu kumchukua dada yako Elina hospitali na kichanga chake. Ndizi zimo chunguni. Mbuzi wafungie, mvua inakuja.

Gari la kijiji tumepewa leo tu, na asubuhi likagoma. Plagi ya nyuma kabisa imejificha chini ya mabomba, na mkono wa baba yako ni jembe kama wako. Nikasema mkono mwembamba hapa ni wa mkeo Felista. Mzee akaruka: mkamwana na baba mkwe hawaonani, itakuwaje? Nikamwambia mila inakataza kuonana, haikatazi gari kupona.

Basi akasimama migombani, katupa mgongo, anapaza sauti: “Mwambie aanze kukaza kwa vidole, spana baadaye.” Nami nikarudia kila neno, ingawa Felista si kiziwi.

Lilipounguruma, mzee akauambia mgomba, “Fundi mwingine simtaki tena.”

Felista amecheka mpaka usingizi umemchukua. Usimwamshe. Akiamka mpashie ~~ndizi~~ hapana, mchinjie jogoo. Yule wako unayejivunia.

Mama yako, mkalimani wa migombani