Ndagala za Chumvi

Ibri, Omani
14 Januari 2024

Mama mkwe mpendwa,

Assalamu alaykum, na amahoro, amani tele, kutoka kwetu sote. U hali gani, mama? Na mgongo? Sisi wazima. Mariyamu hajambo, Heri hajambo na ameota jino la pili, na mwanao Nuhu hajambo, amekonda kidogo lakini anacheka vilevile.

Tulifika Ijumaa. Kutoka Maskati Nuhu alisema ni karibu tu, nawe unaijua karibu ya Nuhu. Njia nzima hakuna jani. Mariyamu akauliza, "Baba, ziwa iko wapi?" Baba yake akamwambia iko nyuma ya ule mlima. Tukaupita mlima, nyuma yake kuna mlima mwingine, mkavu kama wa kwanza. Mtoto amenuna mpaka leo, anasema baba ni mwongo.

Tunakaa chumba kimoja juu ya duka la matairi. Maji yanaletwa na lori na kupandishwa kwenye tangi la paani. Siku hizi bado kuna baridi, lakini majirani wanasema ikifika Mei maji ya tangi hayashikiki kwa mkono. Nuhu yuko kwenye kazi ya barabara, wanamwaga lami. Mwenye kazi ni mtu mwema. Mama yake alizaliwa Rumonge, ndiyo maana alikubali tuje familia nzima.

Lakini jua la huku, mama, ungelipenda! Jana nilianika nguo, na kabla sijafika mwisho wa kamba zile za kwanza zilikuwa zimekauka. Nikakuwaza na ndagala zako, visamaki vile vinavyongoja jua siku nzima.

Mkweo,
Aliya

Rumonge, Burundi
20 Februari 2024

Mwanangu Aliya,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, na mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Wajukuu hawajambo? Huyo Mariyamu usimkaripie, ana haki ya kununa.

Endelea kuniandikia hivi hivi kwenye simu, usinitumie sauti. Nikifungua sauti ua mzima unanyamaza kusikiliza, na kesho yake jirani Hadjara ananieleza habari za mwanangu kabla sijazielewa mwenyewe.

Eti jua lote hilo na hakuna mtu anayeanika kitu? Hasara gani hiyo! Huku mvua haituachi. Ziwa linapanda, nusu ya kiwanja changu cha kuanikia iko majini, na ule mchanga mweupe nauona kwa chini kama sahani iliyozama. Wenzangu wameanza kutia ndagala chumvi ili zisioze. Mimi nimekataa. Tangu kwa mama yangu, ndagala zetu ni mchanga na jua, basi. Chumvi ni ya kufichia uvivu. Mwambie Nuhu nimesema hivyo, atacheka. Yeye ndiye aliyekuwa akiziiba mkekani na kuzijaza mfukoni, nami namfuata kwa harufu mpaka nyuma ya msikiti.

Mhimize anywe maji. Huyo amekulia ndani ya ziwa, hajazoea kukauka.

Mama yako,
Mama Nuhu

Rumonge
2 Mei 2024

Mwanangu Aliya,

Assalamu alaykum. Kimya chenu kimekuwa kirefu, nami nimeanza kuota ndoto mbaya. Mnaumwa? Watoto wanaumwa? Nikipiga simu unasema "wazima, mama" halafu unakata haraka. Sipendi.

Mimi nimehama. Maji yaliingia ndani, nikakaa wiki nzima nimeinua kitanda juu ya matofali nikijidanganya, mwishowe ukuta wa jikoni ukalala. Niko Kigwena kwa dada yangu, kwenye michikichi yake, lakini kila asubuhi narudi Rumonge kutafuta kazi ya mikono yangu. Usimwambie Nuhu habari za nyumba. Ataiona mwenyewe akija.

Kassimu, yule kijana wa duka la mawese, ameondoka leo kwenda Hija. Akimaliza huko atapita Omani kumwona dada yake, na nimempa mfuko wa Nuhu. Ndagala. Sasa nicheke: nimezitia chumvi. Mchanga wangu wote uko chini ya maji, nimeanika juu ya mabati ya watu, mvua inakuja nafunika, inakatika nafunua, na bado zilikuwa zinalegea. Nikaona zitafika huko zimeoza. Basi nikatia chumvi, nikatia tena, mpaka zikawa nyeupe. Aibu yangu. Mwambie mwanangu anisamehe kwa ladha, jua lilininyima.

Mama yako

Ibri
9 Mei 2024

Mama mpendwa,

Assalamu alaykum. Watoto wazima. Nimekuficha, mama, nikidhani atainuka kabla hujajua.

Nuhu alianguka kazini mwezi uliopita. Walikuwa wakimwaga lami, na gari lenye pipa la maji ya kunywa lilikuwa limekwenda kuleta kokoto. Wenzake walikaa chini kulisubiri, yeye akaendelea. Nawe unamjua, hapendi kuonekana mvivu. Walipomfikisha hospitali alikuwa hanijui. Sasa ananijua, anaongea, anatania. Lakini figo zake zimekufa, zote mbili. Kuna muuguzi anayejua Kiswahili, ndiye aliyenieleza taratibu. Mara tatu kwa wiki analazwa kwenye mashine, inamtoa damu, inaisafisha, inamrudishia. Bila mashine haishi.

Na maji haruhusiwi, mama. Maji ya kikombe kidogo cha kahawa asubuhi, na kingine jioni, basi. Maji akinywa hayana pa kutokea, yanajaa mwilini mpaka kwenye mapafu na moyo. Chumvi ndiyo hapana kabisa, maana inaleta kiu, naye akishikwa na kiu hajizuii.

Nimesoma habari ya mfuko nikasimama. Mwambie Kassimu asiulete.

Mkweo,
Aliya

Kigwena
10 Mei 2024

Aliya,

Nimesoma mara tatu. Namba ya Kassimu haipatikani tangu alipopanda ndege. Nimekwenda dukani kwa watu wake, nao hawampati. Nitaendelea kumtafuta.

Ukifika huo mfuko, utupe. Utupe mbali na nyumba, si jikoni. Ana pua yule.

Mtoto asiyeruhusiwa maji, hii ni dunia gani? Mlete nyumbani.

Mama

Ibri
3 Juni 2024

Mama mpendwa,

Assalamu alaykum. Dada yako hajambo? Watoto wazima, ila Mariyamu amejifunza kunywa maji kwa kujificha chooni ili baba yake asione. Sikumfundisha mimi.

Unasema nimlete. Na yeye anasema hivyo kila siku. Jana alisema, "Aliya, unirudishe Rumonge nikakunywe maji mpaka nishibe, kisha nikufe." Akacheka, nikacheka pia, halafu nikaenda kulia kwenye ngazi. Mchana anaweka miguu kwenye beseni na kumwomba Mariyamu amsimulie ziwa, boti zinavyorudi asubuhi, na wewe unavyogombana na wauzaji. Mtoto ameanza kusahau, sasa anatunga tu, lakini baba yake anaitika kila neno.

Mwenye kazi alitusaidia mwanzoni. Siku hizi hapokei simu, na amekwisha kuchukua mtu mwingine. Ruhusa yetu ya kukaa inaisha Septemba. Mimi nashona kwa fundi mmoja kuanzia adhuhuri mpaka magharibi, Nuhu anabaki na watoto.

Mama, uliza Bujumbura. Kama mashine ipo na atapata nafasi, nitamleta hata kesho. Lakini nisije nikamtoa kwenye mashine nikamleta kwenye ziwa tu.

Mkweo

Kigwena
18 Juni 2024

Mwanangu,

Assalamu alaykum, na Idi njema kama kuna wema. Nimekwenda Bujumbura. Mashine zipo, chache, nyingine imeharibika, na watu wamejaa mpaka nje wakingoja mmoja afe ili nafasi itoke. Sikukosea kusikia, mwanamke mmoja aliniambia hivyo hivyo, bila hata haya. Daktari, kijana mdogo, alinivuta pembeni kwa heshima. "Mama, kama kule anapata, mumuache kule."

Basi nimerudi. Kabezi, Gitaza, kote maji yamekaribia barabara, watu wanavuka wamebeba magodoro. Nimekaa dirishani nikiliangalia ziwa lote lile, nikalichukia. Mimi limenifukuza nyumbani, na mwanangu anapimiwa kwa kikombe cha kahawa.

Nimeomba, nimeomba, sasa sijui tena niombe nini. Mwambie Nuhu nimesema avumilie.

Kassimu bado simpati.

Mama

Kigwena
20 Julai 2024

Aliya, mwanangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Simu yako ya Jumatano niliisikia nusu. Ulisema "mama", ukasema tena "mama", na nikajua. Dada yangu ndiye aliyemalizia kusikiliza. Amenieleza kwamba pumzi ilimbana usiku, na alfajiri akafa kwenye teksi, mashine ikimngoja asubuhi hiyo hiyo.

Tumesoma hitima. Watu walijaa, hata wale wa boti aliofanya nao kazi. Wewe umekula? Nani anakuamkia huko? Sina namna ya kuja kukushika.

Kassimu amerudi jana. Amekuja kunipa pole na hajui lolote, maskini. Anasema alifika kwenu Jumatatu mchana, wewe ukiwa kazini, akamkabidhi Nuhu mfuko mkononi. Anasema Nuhu aliunusa kabla ya kumsalimia. Alinieleza kwa furaha, akidhani ananifariji.

Habari nyingine zote nimezikubali. Mpaka mahali mlipomzika, kwenye mchanga wa watu, nimekubali. Nakuomba unijibu moja tu. Alizila zile ndagala?

Mama

Ibri
28 Julai 2024

Mama yangu,

Assalamu alaykum. Sisi tupo. Wanawake wa mtaa wanatuletea chakula, na muuguzi wetu amekuja mara mbili.

Hapana, mama. Hakuzila. Nilirudi magharibi nikaukuta mfuko juu ya kabati, umefungwa vilevile kwa ile kamba yako ya wavu, mafundo mawili na kitanzi kama unavyofunga wewe. Aliniambia, "Chukua, mama ametia chumvi safari hii." Hata hakukasirika. Niliwapa vijana wa duka la matairi, wakafurahi sana. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka tangu ile siku ya lami, ungesimama wakati wowote. Ndivyo alivyosema.

Kwa hiyo usilale ukifikiria hayo. Nakuomba.

Mwenye kazi ametukatia tiketi, nadhani ili tusimsumbue tena. Tutarudi Septemba. Nguo zake nazileta. Mariyamu ameniuliza kama tukiondoka baba atabaki na nani.

Mkweo,
Aliya

Kigwena
19 Agosti 2024

Mwanangu Aliya,

Assalamu alaykum. Mimi mzima wa mwili. Heri anatembea sasa? Mshike sana njiani, uwanja wa ndege si mahali pa kumwachia mtoto.

Jumapili ulipopiga simu ukampa Mariyamu, ukaenda kumwogesha mdogo wake. Tulizungumza vizuri. Nikamwambia akija nitamwonyesha kiatu chake kimoja kilichookoka na maji. Yeye naye akanipa habari zake. "Bibi, baba alikula ndagala zako zote. Mimi alinipa tatu tu. Alikuwa anacheka. Halafu alikunywa jagi yote, akaijaza maji tena, akakunywa tena. Akasema iko tamu."

Nikamwambia vizuri, mjukuu wangu. Kisha nikakata simu. Ulipopiga tena nikasema ni mtandao. Haukuwa mtandao.

Sijui kama alisahau kwa sababu ya ile harufu, au alikuwa amechoka akaamua. Nimeyafikiria yote mawili, na hakuna lililo jepesi. Alikuwa akicheka, hilo nalishika. Lakini chumvi niliitia mimi, Aliya, kwa mkono huu, na nilitia mara ya pili. Hata Mungu akinisamehe, mkono ninao.

Wewe uliniandikia kwamba hakuzila, na ile kamba ukaieleza mpaka nikayaona mafundo yangu. Murakoze, asante, mwanangu. Nimeelewa ulichonifanyia. Watu wakikuuliza, jibu hivyo hivyo, mafundo mawili na kitanzi. Hadjara ameniuliza, nimemwambia hakuzila. Kassimu nimemwambia vilevile, maana ana mke mjamzito na hakukosa kitu. Na Mariyamu usimkataze kusema. Akikatazwa atakumbuka.

Ziwa limeanza kurudi nyuma. Mchanga wangu umetokea tena, mweupe, na jua ni kali tangu asubuhi, jua ambalo Aprili nililitafuta nikalikosa. Watu wa boti wameniuliza kama nitaanika mwaka huu. Nimewaambia mgongo.

Njooni. Nyumba hakuna, lakini dada yangu ametutolea chumba cha nyuma na kitanda kipo. Nitawapikia maharagwe.

Mama yako